Jeep na Kampuni Iliyoizaa

Motakaa ya Jeep inajulikana sana kwa nguvu zake katika matope na milima, lakini ni wachache wajuao kwamba kampuni iliyoizaa siyo iliyofaidi matunda yake.

Mwezi wa Julai 1940, vita vikiwa vimekwisha kuwaka Ulaya, Jeshi la Amerika liliyaandikia makampuni 135, likitaka gari jepesi lenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Masharti yalikuwa magumu: uzito usizidi ratili 1,300, na gari la kwanza liwe tayari kwa siku 49. Waliojibu ni wawili tu: Willys-Overland, na Bantam ya mji wa Butler, Pennsylvania.

Bantam ni jina la kuku wa aina ndogo, na kampuni hiyo ilikuwa ndogo kweli, tena imeishiwa fedha. Ikamwita mhandisi Karl Probst wa Detroit, naye akakubali kuanza kazi bila mshahara. Kwa siku mbili michoro ikawa tayari. Ili wasipoteze wakati, mafundi walinunua injini na vyuma vingine vilivyokwisha kutengenezwa, wakaliunda gari kwa mikono. Tarehe 23 Septemba liliendeshwa mpaka kambi ya Holabird, Maryland, likafika saa kumi na nusu jioni, nusu saa tu kabla ya muda kwisha. Uzito ulizidi kiasi, lakini lilishinda majaribio, na baadaye jeshi lenyewe likaongeza kipimo cha uzito.

Hapo ndipo Bantam ilipopata hasara. Jeshi lilihofu kwamba haitaweza kuunda magari kwa maelfu, likawapa Willys na Ford nafasi ya kuitazama kazi yake. Mwezi wa Novemba wakaleta magari yao: Quad ya Willys na Pygmy ya Ford. Willys ikashinda kwa injini yake yenye nguvu za farasi 60. Uso bapa ukatokana na Ford. Makampuni hayo mawili yaliunda Jeep zaidi ya 600,000. Bantam haikufikisha 3,000, kisha ikapewa kazi ya kuunda matela.

Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Hata hivyo kazi njema haipotei. Land Rover, iliyokuja kujulikana sana katika mashamba ya Kenya, gari lake la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep.