Sukari ya mama ipimwe kabla ya mimba

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sayansi sasa inaongeza kwamba malezi hayo huanza kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Jambo hili linatuhusu sisi tunaopita kila siku kati ya Kobero na Kabanga, kwani huduma za pande zote mbili, Burundi na Tanzania, kwa kawaida humngojea mwanamke mpaka awe mjamzito.

Tuchukue kisukari. Mama mwenye maradhi hayo akizaa mtoto ambaye naye baadaye anaugua, watu husema ni ugonjwa wa ukoo. Ukoo una sehemu yake, lakini si wote. Kwa wenyeji wa asili wa kabila la Pima, huko Arizona nchini Marekani, watafiti walilinganisha ndugu wa tumbo moja. Matokeo ya mwaka 2000 yalionyesha kwamba waliozaliwa baada ya mama kupata kisukari waliugua zaidi kuliko ndugu zao waliotangulia. Mgonjwa alipokuwa baba, tofauti hiyo haikuonekana.

Sababu ni nini? Darasani ningeeleza hivi: jeni ni kitabu, na kurasa zake zina alama za kikemikali zinazoonyesha upi usomwe na upi urukwe. Elimu ya alama hizo ndiyo epijenetiki. Siku chache baada ya mbegu kuungana na yai, alama nyingi hufutwa, kisha huandikwa upya. Sukari ikizidi katika damu, kazi hiyo huweza kuharibika. Mwaka 2022 watafiti wa China walionyesha kwamba, kwa panya, madhara huweza kuanzia ndani ya yai lenyewe: hata mimba ilipopandikizwa kwa panya mwenye afya, watoto walishindwa kudhibiti sukari vizuri walipokua. Panya si binadamu, lakini onyo tumelipata.

Sasa tutazame kalenda. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka hudhurio la kwanza la kliniki liwe ndani ya wiki 12. Hata mama anayelifuata barabara huweza kukuta msingi umekwisha jengwa.

Ukimbizini Kigoma, nilikosomea, mjamzito aliongezewa chakula baada ya kuandikishwa. Msaada ulikuwa mwema, ila wiki hizo za mwanzo zilikuwa zimepita. Tuliporudi nyumbani tulirudi na mazoea yaleyale. Mtoto akizaliwa na kasoro, lawama humwangukia mama, na hakuna aliyewahi kumpima.

Kupima sukari ni tone la damu kidoleni. Mwanamke mwenye kisukari anayetaka mtoto amwone daktari kwanza, ashushe wastani wake wa miezi 3, ikiwezekana chini ya asilimia 6.5, na aanze vidonge vya asidi ya foliki kabla ya mimba. Mpakani magunia yetu hupimwa kila siku. Wizara za afya za nchi hizi mbili zikikubaliana, mama mwenye gunia hilo naye anaweza kupimwa palepale, na cheti chake kikatambuliwa pande zote mbili.