Kipandio ni cha Nani?

Kuna mjadala uliozuka miongoni mwetu sisi wenye pikapu za milango minne, nao hauna dalili ya kukoma. Nakutana nao katika maegesho ya kanisa, katika sherehe za kulipa mahari, na hata katika chumba cha wahadhiri ambako ningetarajia tuzungumzie mambo mengine. Mjadala wenyewe ni huu: je, ubavuni mwa gari la familia pafungwe kipandio cha kukanyagia, au lile bomba nene la chuma la kulikinga gari dhidi ya mawe, ambalo mafundi wetu huliita slaida? Mimi mwenyewe niliwahi kuushiriki mjadala huo nikiwa upande ambao leo siutetei. Naona kwamba tumekuwa tukimuuliza mtu asiyestahili kuulizwa. Tunamuuliza dereva.

Msomaji aniwie radhi nikianza na maneno, maana ndiyo kazi inayonilisha. Kipandio ni jina lililotokana na kitenzi panda, likapitia kauli ya kutendea, pandia, ndipo likawa kifaa. Ndani yake mna mguu wa mtu. Slaida tumeikopa kwa Waingereza, na maana yake ni kwamba gari liteleze juu ya mwamba pasipo kuumia. Ndani yake mna gari na mna mwamba; mtu hamna. Sisemi kwamba neno hutuamulia la kununua, lakini si ajabu kwamba wanaume wanaotumia neno la pili hawataji kamwe ni nani atakayepanda.

Hata hivyo, slaida isidharauliwe. Pikapu ni gari la sehemu mbili: chini kuna chasisi, ambayo ndiyo uti wa mgongo, na juu yake kumefungwa bodi, ambayo chini ya milango ni bati lililokunjwa tu. Jiwe likilisukuma bati hilo kwenda juu, mlango haufunguki tena. Slaida ya kweli hushikwa na chasisi, hivyo basi uzito wa gari ukiilalia, bodi haiguswi. Unaweza hata kuitilia jeki ndefu ya mkono ukalinyanyua gari matopeni. Vile vipandio vyembamba vinavyong'aa, ambavyo huuzwa kwa wingi na aghalabu hushikiliwa na vyuma vyepesi, hubeba mtu mmoja vizuri lakini havibebi gari. Isitoshe, huning'inia chini zaidi, kwa hiyo ndivyo vinavyotangulia kulikuta jiwe.

Haya sikuyasoma mahali. Pikapu yangu niliinunua mwaka 2022 ikiwa na vipandio vya aina hiyo. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zikaichuna njia ya kijijini kwetu, juu ya Wundanyi, hata mawe yakabaki yametokeza kama meno. Safari ya kwanza baada ya hapo, kipandio cha kulia kilipinda kikaukandamiza ukingo wa bodi, na watoto wakawa wanashukia mlango mmoja kama mbuzi. Nilirudi Nairobi nimeapa. Fundi alinifungia slaida mbili zenye uzito wa kilo 46, akazigonga kwa nyundo nisikie sauti yake, akasema, "Mwalimu, hizi utawaachia wajukuu." Nilitoka gerejini nikijiona mtu wa maana.

Pasaka ya 2024 mama alipanda gari hilo kwenda kanisani. Ana umri wa miaka 78, na magoti yake yamelima miteremko ya Taita tangu utotoni. Slaida ilikuwa bomba la mviringo, tena lenye tope. Mguu uliteleza, muundi ukachubuka kwenye chuma, nasi tukamdaka kabla hajaanguka. Hakuvunjika, namshukuru Mungu. Lakini tulipofika kanisani nilimbeba kumshusha, mbele ya wanawake wenzake wa chama, naye aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi si gunia."

Tangu siku hiyo hakulipanda tena. Siku za kliniki alitembea hadi stejini akaabiri matatu ya kuteremka Voi, hata nilipokuwa nyumbani likizoni na gari limeegeshwa uani. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba matatu ina pa kukanyaga. Nami nilikuwa nimetumia fedha nyingi kulifanya gari lisiumizwe na mawe!

Ndipo nikachukua utepe wa kupimia, jambo ambalo ningelifanya mwanzo kabisa. Kutoka ardhini hadi sakafu ya mlango ni sentimita 58. Hadi juu ya slaida ni 47. Ngazi ya nyumba ya kawaida huwa na kimo cha sentimita 17 au 18. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimemwekea mama ngazi tatu nikaziita moja. Nikaweka mbele yake jiwe la ujenzi la inchi 9, yaani kama sentimita 23, akalipanda bila kushikwa. Nikaliongezea ubao hadi sentimita 30, akaomba mkono. Jibu lilikuwa pale uani, na halikuhitaji fundi.

Ugumu ni kwamba kinachomfaa mama ndicho kinachokwama jiweni. Slaida hubanwa juu ili tumbo la gari lipite. Kipandio hakina faida kisipokuwa chini. Wapo wanaouza chuma kimoja wakidai kinatosheleza haja zote mbili. Kwa kijana mwenye miguu mirefu huenda ni kweli.

Rafiki yangu mmoja, msomi wa hesabu, alinipinga kwa takwimu. Mama yako, alisema, hupanda gari hilo mara nne kwa mwaka. Mawe unakutana nayo kila unapokwenda nyumbani. Nilimjibu kwamba hupanda mara nne kwa sababu halipandiki. Zaidi ya hayo, mke wangu alikuwa akilipanda kila asubuhi akiwa na sketi ya kazini na mkoba mkononi, naye kwa miaka miwili sikumwuliza lolote. Waliozoea matatu za Peugeot 504 za zamani watakumbuka kwamba hata zile, pamoja na maovu yake yote, zilikuwa na kipandio nyuma, ingawa aghalabu utingo ndiye aliyekimiliki.

Basi nilirudi kwa fundi, safari hii mama akiwa amekuja Nairobi, nikampeleka gerejini. Fundi alishangaa, kisha akaacha kuzungumza nami akazungumza naye. Waliafikiana mambo mawili. Kwanza, juu ya slaida paongezwe bamba la chuma lenye vinundu, ili mguu upate pa kutulia. Pili, chini ya mlango wa mbele wa kushoto, anapokaa yeye, paning'inizwe kipandio kimoja kifupi kwa vipande viwili vya mpira mnene uliokatwa kutoka mkanda wa mtambo wa kusagia kokoto. Wazo hilo fundi alilitoa kwa matingatinga na malori ya machimboni, ambayo ngazi zake za chini huning'inizwa kwa mpira au waya ili zikigonga mwamba zijipinde na kurudi. Kipandio kipo sentimita 27 kutoka ardhini. Kutoka hapo hadi kwenye bamba ni 20, na kutoka kwenye bamba hadi sakafuni ni 11.

Kwa anayetaka kufanya hivyo nina angalizo moja. Slaida zifungwe kwa bolti. Usikubali zichomelewe kwenye chasisi. Moto hudhoofisha chuma cha chasisi, na mabomba ya mafuta na ya breki mara nyingi hupita papo hapo. Wenye magari ya kisasa wanaolazimika kuchomelea kitu chochote wakatishe betri kwanza, wasije wakaunguza vifaa vya umeme.

Mpira hutikisika kidogo. Mara ya kwanza mama alisita, akashika mshikio wa ndani ya mlango kwa mkono wa kulia, akapanda, akakaa. Kisha akashuka na kupanda tena, mara tatu, huku fundi na vijana wake wakimtazama, naye hakuwa na haraka. Kilichosalia ni mpini wa nje kwa ajili ya mkono wa kushoto, ambao ameniagiza uwe umefungwa kabla ya mvua za Novemba.