Nta Bila Asali: Funzo la Sanamu za Ukunga

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni nta bila asali. Kauli hii yaafiki mno historia ya sanamu za kufundishia ukunga, kwani katika karne ya 18 wapo waliofundisha kwa nta halisi, na yupo aliyefundisha kwa kitambaa.

Mjini Vienna, Kaisari Joseph wa Pili aliagiza kutoka Florence sanamu za nta za mwili wa binadamu, zikiwemo za uzazi, kwa ajili ya chuo cha madaktari wa jeshi kilichofunguliwa mwaka 1785. Uzuri wake wastaajabisha hadi leo. Hata hivyo, ziliwekwa katika makasha ya kioo: hutazamwa, haziguswi.

Nchini Ufaransa, mkunga Angélique du Coudray alikwisha kufuata njia nyingine. Kwa kitambaa, ngozi na pamba, alishona kiwiliwili cha mama pamoja na mtoto wa kuzaliwa. Kamba zilikazwa na kulegezwa kuonyesha jinsi njia ya uzazi inavyotanuka. Mnamo 1759 Mfalme Louis wa Kumi na Tano alimpa idhini ya kufundisha kote nchini, naye akazunguka kwa zaidi ya miaka 20, akiwafunza maelfu ya wanawake wa mashambani ambao aghalabu hawakujua kusoma.

Yamkini pana watakaohoji kwamba nta huiga maumbile kwa usahihi zaidi. Ni kweli. Lakini mtoto aliyetanguliza miguu haokolewi na jicho; huokolewa na mkono uliokwisha kuzoea. Mkono wa mwanagenzi ukikosea juu ya kitambaa, hakuna anayekufa. Ukikosea kwa mara ya kwanza juu ya mzazi, huenda pakachimbwa makaburi mawili.

Funzo hili lawahusu Wakenya pia. Vyuo vya Kenya hufundisha ukunga kwa Kiingereza, ilhali mama aliyeshikwa na uchungu hatulizwi kwa lugha ya kitabu. Iwapo sanamu humzoesha mkunga kazi ya mkono, basi mbele ya sanamu hiyo hiyo na auzoeshe ulimi wake pia: aulize, aeleze na aliwaze kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama anayemhudumia. La sivyo, hata sanamu iliyo bora itabaki nta tu, na asali haitaonjwa.