Mwacheni Mwenye Mwavuli Aseme

Siku hizi ukisema ulikwenda Italia na kundi, watu wanakutazama kama mtu aliyealikwa harusini akaishia mlangoni. Msafiri wa kweli, wanasema, hutembea peke yake: anapotea vichochoroni, anakunywa kahawa akiwa amesimama, na mji unamfungukia wenyewe. Wanaofuatana nyuma ya mwavuli uliokunjwa, visikizi masikioni, hao ni kondoo. Maneno matamu. Kwa miji kama Venice na Roma, ni uongo mtupu.

Nimesimama mara mbili mbele ya kanisa la Mtakatifu Marko. Mara ya kwanza nilikuwa msafiri wa kweli. Niliona dhahabu, kuba, njiwa na foleni. Nikapiga picha, nikaondoka nimeridhika. Mara ya pili nilikuwa kondoo. Mama mmoja wa makamo, mwongozaji mwenye kibali, alitwambia tutazame juu ya mlango wa mwisho, upande wa kulia. Kumbe pale pana picha ya wizi! Waveneti husimulia kwamba mwaka 828 wafanyabiashara wao wawili waliiba mwili wa Marko huko Aleksandria, wakaufunika kwa nyama ya nguruwe ili maofisa wa forodha, Waislamu, wasithubutu kuugusa. Ndani ya kanisa mna picha ya zamani zaidi ya kisa hichohicho, na humo yameandikwa makelele ya maofisa wale: kanzir. Wenzangu walikwishageukia kitu kingine. Mimi niliganda. Hanziri, yaani nguruwe! Neno nililolisikia madrasa nikiwa mtoto, limekaa ukutani Venice karne na karne.

Utaniambia simu inatosha. Simu hujibu unachouliza. Nani angenituma niulize habari za nguruwe kanisani?

Tena sisi ndio tusingepaswa kudanganyika. Mji Mkongwe, Zanzibar, tunamwona kila siku mgeni wa kujitegemea, ramani mkononi, akiupita mlango wa nakshi. Anaona mbao na misumari ya shaba. Samaki, mnyororo na ua la yungiyungi havimwambii kitu. Tunacheka pembeni, kisha tunapanda ndege kwenda kufanya yaleyale Florence.

Katika kikanisa cha Sistina, Vatikani, waongozaji hawaruhusiwi kutoa maelezo ndani. Kwa hiyo utawakuta uani, mbele ya mabango yenye picha za dari, wakimaliza maneno yao yote kabla ya kuingia. Aliyeelezwa anaingia akijua pa kutazama. Mwenzake anakitafuta kile kidole cha Adamu, shingo inamuuma, walinzi wanapaza sauti kutaka kimya, anatoka.

Kero zipo, sikatai. Roma, Florence na Venice kwa siku nne ni mbio za mwenge, na kile kituo cha “kutazama vioo vya Murano vikitengenezwa” ni duka tu. Venice yenyewe ilichoka, mwaka 2024 ikaweka kikomo cha watu 25 kwa kundi na kupiga marufuku vipaza sauti. Ilifanya vyema. Ila hayo ni makosa ya ratiba na ya msongamano. Anayeeleza hana hatia.

Na kuna ambavyo macho hayawezi kuviona kwa sababu havipo tena. Roma, karibu na Circus Maximus, palisimama mnara wa jiwe wa Aksum, mita 24 kwenda juu, uliochukuliwa Ethiopia na utawala wa Mussolini mwaka 1937 na kurudishwa mwaka 2005. Ukipita peke yako utaona miti na magari. Mwongozaji wetu wa Roma naye alikuwa ameshapapita. Hapakuwemo katika ratiba yake. Nikamwuliza. Alisimama, akatazama saa, akashusha mwavuli, na watu 22 wakageuka kutazama mahali patupu.