Hiyo Sayari, Nani Kaiona?

Umeme ulikatika mtaani kwetu usiku mmoja wa mwezi wa tatu, watu wakatoka nje na viti vyao. Barazani kwa jirani kijana mmoja wa chuo akanyoosha kidole upande wa kaskazini. "Mnaiona ile ya rangi ya chungwa? Ile ina sayari yake." Kuanzia hapo mpaka taa ziliporudi nilisikia mengi, machache yakiwa ya kweli. Kelele zilinizidi usiku ule, sikuweza kuwajibu wote. Najibu sasa.

Kwanza tuelewane ni nyota ipi. Mwezi wa tatu, kama saa tatu usiku, ukisimama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ukatazama kaskazini, zipo nyota mbili zinazong'aa zimekaa jirani. Nyoosha mkono: kati yao panaenea vidole vitatu. Ya chini kushoto ni nyeupe, inaitwa Castor. Ya juu kulia ina rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo, au niseme rangi ya chungwa lililopauka. Hiyo ndiyo Pollux, nyota jitu iliyo karibu nasi kuliko majitu mengine yote, umbali wa miaka 34 hivi ya nuru. Haihitaji darubini wala programu ya simu.

"Ukipata darubini nzuri, hata sayari yenyewe unaiona."

Huoni. Wala mimi sioni, wala waliotangaza kuigundua hawajapata kuiona. Hakuna picha yake popote. Picha zote za mpira wenye mistari ya rangi zinazosambazwa ni kazi ya wachoraji, na wengine wachora vizuri kweli, lakini ni wachoraji.

Kinachotuzuia ni mambo mawili. La kwanza ni umbali kati ya sayari na nyota yake kama unavyoonekana kutoka kwetu. Nilipiga hesabu nikapata mfano huu: simama Forodhani, Unguja, halafu mtu asimamishe kiberiti ufukweni Bagamoyo, kilomita 40 na ushee ng'ambo ya bahari. Upana wa kile kiberiti ndio nafasi iliyopo kati ya Pollux na sayari yake. La pili ni mwanga. Nyota inaizidi sayari kwa kung'aa mara makumi ya mamilioni. Basi si kiberiti tu. Ni kimulimuli aliyetua pembeni ya taa ya mnara, nawe uko ng'ambo.

Sasa wamejuaje? Hapa ndipo penye utamu, na ndipo barazani paliporukwa. Umewahi kumwona baba akimzungusha mtoto kwa kumshika mikono miwili? Mtoto anakwenda duara kubwa, anacheka, miguu hewani. Lakini mtazame baba: naye hasimami wima. Ameegemea nyuma, na miguu yake inachora kiduara kidogo pale chini. Ukizima mtoto asionekane, kile kiduara cha baba kinatosha kukwambia kuna mzigo mikononi. Sayari na nyota ndivyo zilivyo. Wanasayansi hawakumtafuta mtoto, walimtazama baba.

Na kiduara chenyewe wakakisoma kwenye rangi. Ukiwa stendi, basi linalokuja kasi huku dereva kakandamiza honi, mlio wake ni mwembamba. Likishakupita mlio unakuwa mzito. Mwanga nao hufanya hivyo hivyo: nyota ikija upande wetu rangi zake husogea kidogo kuelekea buluu, ikirudi nyuma husogea kuelekea nyekundu. Pollux inakuja na kurudi kwa kasi isiyofika mita 50 kwa sekunde, yaani kama kilomita 160 kwa saa. Mabasi ya mikoani yameshawahi kukimbia hivyo, Mungu atunusuru. Ukilinganisha na mwanga wenyewe, unaokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, ile rangi imesogea sehemu moja au mbili tu katika milioni kumi. Kuna mtu alikaa akapima hilo, usiku baada ya usiku, miaka nenda miaka rudi. Mimi hilo hunishangaza kuliko ambavyo picha ingenishangaza.

"Iko umbali kama wa Mirihi, kwa hiyo huenda kuna watu."

Umbali ni kweli, ndiyo maana dai hili linapendeza. Sayari inakadiriwa kuwa mbali na nyota yake mara 1.6 ya umbali wa Dunia na Jua, zaidi kidogo ya Mirihi, na huzunguka mara moja kwa siku 590 hivi. Kilichosahaulika ni moto wenyewe uliopo katikati. Pollux hutoa nuru zaidi ya mara 30 ya Jua letu. Kaa umbali ule ule wa Mirihi mbele ya jiko la namna hiyo, unapokea zaidi ya mara kumi ya joto tunalopokea sisi, na hesabu inaishia kwenye nyuzi 200 na zaidi. Hapo unaoka mkate.

Isitoshe hakuna pa kukanyaga. Uzito wake hauwezi kuwa chini ya mara mbili ya ule wa Mshtarii, na sayari nzito kiasi hicho ni gesi juu ya gesi. Nasema "hauwezi kuwa chini" kwa makusudi: njia ya kusoma rangi hutoa uzito wa chini kabisa, kwa sababu hatujui mzunguko umelala kwa pembe gani tukiutazama. Anayekutajia uzito kamili amekuongezea chumvi. Ila kama pangekuwa na mwezi wenye mwamba unaoizunguka, ukasimama juu yake na miguu isiyoungua, nyota ingechomoza mbele yako ikiwa na upana mara tano hivi ya Jua tunalolizoea.

"Jitu! Ingewekwa mahali pa Jua ingetumeza."

Isingemeza. Isingefika hata Zebaki. Kipenyo cha Pollux ni kama mara tisa ya Jua, na Zebaki iko mbali zaidi ya hapo kwa mbali sana. Anayesema hivi amechanganya Pollux na Betelgeuse, ile nyekundu iliyopo begani mwa Orioni, ambayo kweli ingetufunika. Majitu nayo yana saizi zake, kama vile kuna tembo na kuna nyangumi.

Neno "jitu" limewapotosha wengi kwa namna nyingine: wanadhani Pollux ni kikongwe. Kwa miaka, haijafika hata theluthi ya umri wa Jua, ambalo lina miaka bilioni 4.6. Ilizaliwa na uzito karibu mara mbili ya Jua, na nyota nzito huchoma haidrojeni yake ya ndani haraka, kama tajiri mgeni mjini. Ujanani ilikuwa nyeupe kama Sirius. Haidrojeni ya kitovuni ilipokwisha, ikavimba, uso wake ukapoa, ikageuka rangi ya chungwa. Jua nalo litavimba, baada ya miaka bilioni tano hivi, ila kwa njia yake. Si kweli kwamba tunapoitazama Pollux tunatazama sura ya kesho yetu.

Mzee mmoja akaongeza kwamba huenda imeshakufa na tunachokiona ni mwanga wake tu. Shikamoo mzee, lakini miaka 34 ni michache. Mtu aliyezaliwa siku mwanga huu ulipoondoka leo ana watoto shuleni. Nyota ya aina hii haibadiliki kwa muda huo.

"Castor na Pollux ni mapacha waliozaliwa pamoja."

Katika hadithi za Wayunani, ndiyo, na hata humo baba walikuwa wawili. Angani hapana. Castor iko miaka 51 hivi ya nuru, mbali na Pollux, na ukiichunguza si nyota moja bali sita zinazozungukana. Zimepangana tu kwa jicho letu. Johann Bayer alipoziorodhesha mwaka 1603 aliipa Castor herufi ya kwanza na Pollux ya pili, ingawa Pollux ndiyo inayong'aa zaidi, kwa hiyo hata anayejivunia kujua kwamba "alfa ndiyo kubwa" hapa ameteleza.

Tena nani alisema lazima ziwe mapacha? Wenye falaki wetu wa pwani huliita kundi hili Jauza, na wanaohesabu manzili 28 za mwezi wanajua kwamba Castor na Pollux ni manzili ya saba, Dhiraa. Ndiyo ile ile dhiraa ya fundi cherehani wa zamani, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Waarabu wa kale waliuona mkono wa simba umenyooshwa. Ukizitazama ukiwa na wazo hilo, mapacha hupotea kabisa na mkono ukabaki.

"Jina la sayari hiyo, Thestias, ni la mfalme wa zamani."

Karibu. Mfalme ni Thestius. Jina lilipatikana mwaka 2015, Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipowaalika watu wa kawaida kupigia kura majina ya sayari za nyota nyingine. Lililopendekezwa ni Leda, mama wa wale mapacha, lakini Leda lilikuwa limeshachukuliwa na asteroidi na mwezi mmoja wa Mshtarii. Wakazunguka mlango wa nyuma: Leda ni binti wa Thestius, basi na aitwe kwa baba yake. Kwa desturi yetu ya kina Siti binti Saad tungesema Binti Thestius, na ingeeleweka bila maelezo. Ajabu yake ni kwamba sasa mama ndiye anayemzunguka mwanawe.

"Imeshathibitishwa tangu 2006, mjadala umefungwa."

Hili ndilo lililonitoa usingizini, kwa sababu aliyelisema ni yule kijana wa chuo, na alilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Mwaka 1993 wanaastronomia Artie Hatzes na William Cochran walitangaza kwamba majitu matatu yanayoonekana kwa macho, Arcturus, Aldebaran na Pollux, yanayumba polepole. Hawakusema ni sayari. Walisema inaweza kuwa sayari, au uso wa nyota wenyewe: madoa yanayopita mbele yetu nyota inapojizungusha, au mapigo ya nyota inayotanuka na kusinyaa. Mwaka 2006 makundi mawili, moja la Hatzes na jingine la Sabine Reffert lililotumia vipimo vya kituo cha kutazama nyota cha Lick, California, yakaleta miaka mingi zaidi ya vipimo. Mayumbo yalikuwa yale yale, hayajakosa hatua kwa karibu miaka 25. Hoja nzito, na ndipo Pollux ilipoingia orodhani.

Halafu kundi la Michel Aurière likagundua kwamba Pollux ina uga wa sumaku. Ni hafifu, haufiki gausi moja, unakaribiana na ule unaogeuza sindano ya dira yako. Lakini uga huo nao unabadilika kwa mzunguko wa siku 660 hivi. Sayari siku 590, sumaku siku 660. Si sawa, ila zimekaribiana vibaya. Je, kama nyota inajizungusha polepole kiasi hicho, uso wake hauwezi kutuchezea? Makala yao ya mwaka 2021 iliiita sayari hiyo "yenye uwezekano", haikuizika wala haikuiapia.

Na wana sababu ya kuwa waangalifu. Aldebaran, dada wa jirani na Kilimia, ilitangaziwa sayari mwaka 2015; mwaka 2019 vipimo zaidi vikaitia shaka. Gamma Draconis ilionyesha mayumbo safi ya siku 702 kwa miaka, kisha kati ya 2011 na 2013 yakatoweka, yakarudi yakiwa yameruka hatua. Sayari haiendi likizo. Aliyeandika kisa hicho mwaka 2018 ni Hatzes huyo huyo.

Basi pale barazani nilipomnong'oneza kijana haya, akageuka upande wa pili mara moja: "Kumbe ni uongo!" Hapana, na hilo nalo nalikataa. Pollux bado haijafanya walivyofanya wenzake. Duru 15 hivi zimehesabiwa bila kuruka hatua, na madoa ya nyota kwa kawaida huzaliwa na kufa, hayashiki saa namna hiyo. Mimi nikilazimishwa kuweka kura yangu, naiweka kwenye sayari. Kinachotakiwa ni kuendelea kupima, na kila duru moja inadai mwaka mmoja na miezi saba, mawingu yakiruhusu. Mzee akauliza duru inayofuata itaisha lini. Kijana akatoa simu akaanza kuhesabu.