Alkotesti isiishie ku mlango wa mgodi

Ku mlango wa migodi mikubwa ya Kolwezi shofere anapuliza mu alkotesti mbele ya kuingia. Akikutwa na pombe, anarudishwa palepale. Vizuri. Mashine zao njo wanalinda.

Sasa kamio ileile ikishapakia shaba na kobalti inatoka, inapita Likasi, inapita Lubumbashi kati ya watoto wenye kutoka masomo, mpaka Kasumbalesa. Mu njia yote hiyo nani anamupima? Polisi ya roulage inasimamisha, inaomba karatasi, inaomba ya chai, inaachilia. Na sheria ya barabara iko, tangu 1978, inakataza kuendesha ukiwa umelewa!

Tusidanganyane lakini: shofere si shetani. Anapitisha siku mu foleni ya mpaka, analala ndani ya kabini, vileo vya sashe vinauzwa pembeni ya gurudumu kwa bei chini ya sahani ya bukari, na bosi anapiga simu: utafika saa ngapi? Kumupima bila kumupumzisha ni kumutega.

Tunadai alkotesti ku kila peaje, usiku na mchana, ba shofere wa bus pia. Majibu yaandikwe, na mwenye kukutwa na pombe apimwe mara ya pili mbele ya kufukuzwa kazi. Kampuni yenye kumupa mlevi funguo ilipe faini pamoja naye.

Peaje tunalipa. Bagavana wa Haut-Katanga na Lualaba, polisi iko na alkotesti ngapi leo? Mutuonyeshe.