Neno la Mhariri: Jiwe Ndani ya Mzizi

Kata mzizi uliokomaa wa mtama, uutazame kwa hadubini. Utaona vipunje vimeizunguka mirija ya maji kama shanga. Ni silika, kitu kilekile kinachofanya mchanga na kioo. Vimeganda kwenye ukuta wa ndani wa seli za endodemisi, tabaka linaloamua kipi kiingie moyoni mwa mzizi na kipi kibaki nje.

Toleo hili ni la mizizi, na tunaanza na mtama kwa makusudi. Wengi wetu tulifundishwa lishe ya mmea kwa herufi tatu, N, P na K. Silikoni, elementi inayounda silika hiyo, haimo hata kwenye orodha ndefu zaidi, kwa sababu ya sharti la wanasayansi Arnon na Stout la mwaka 1939: kirutubisho cha lazima ni kile ambacho mmea ukikikosa hauwezi kuota, kukua na kuzaa. Mtama unaweza bila silikoni. Sawa, lakini mkulima wa Dodoma hatafuti mmea usiokufa tu; anataka utakaohimili mvua zikikatika Februari.

Wala nyasi, jamii ya mtama na mpunga, haziikusanyi kwa bahati. Mwaka 2006, Jian Feng Ma na wenzake nchini Japani walitambua katika mpunga jeni iitwayo Lsi1, inayoupa mzizi njia ya kupitishia asidi ya silika. Mwaka uliofuata wakaeleza Lsi2, inayoisukuma kwenda ndani, na kazi hiyo huugharimu mmea nguvu. Sehemu kubwa hupanda hadi majani na mabua. Katika mtama, nyingine hubaki mzizini, na watafiti wanaona kwamba inaukinga moyo wa mzizi udongo unapokauka na kubana.

Sasa tazama mashamba yetu. Udongo mwekundu uliokwisha kuoshwa na mvua kwa karne nyingi umepoteza silikoni nyingi inayoyeyuka. Silika ya mizizini hubaki palepale ilipoganda, lakini ya mabua huondoka na mkokoteni kila mavuno, na hatuihesabu kuwa hasara. Japani ilikubali mbolea ya silikati tangu 1955.

Tunaziomba maabara za udongo ziongeze silikoni inayopatikana kwa mimea kwenye vipimo vyao vya kawaida. Nawe msomaji mwenye shamba, mabua usiyohitaji kwa mifugo au jiko yarudishe kwenye udongo.